Klachi inasumbua na safari ni wiki ijayo: dalili, chanzo, na cha kumwambia wakala

Kama una safari karibuni na klachi imeanza vituko, naomba kabla hujapiga simu kwa wakala (gereji rasmi ya kampuni ya gari lako) kuomba nafasi ya matengenezo usome hii kwanza. Ukishatamka "nibadilishieni klachi" pale mapokezi ndo inaandikwa hivyo hivyo kwenye jobu kadi, na fundi kule ndani anafanya kilichoandikwa. Atashusha giaboksi, atafunga seti mpya, utalipa hela ndefu, na inawezekana kabisa ugonjwa haukuwa huko.

Sisi yalitukuta. Pikapu yetu ya dizeli, tulikuwa tunampeleka mama Babati kwenye arobaini ya dada yake, sasa asubuhi gari ikiwa ya baridi namba moja na rivasi zinagoma, tukasema klachi imeisha hii, Jumatano tukaipeleka kwa wakala hapa Dodoma na safari ni Ijumaa. Wakabadilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi, Alhamisi jioni tukakabidhiwa. Ijumaa tumetoka alfajiri, tumepita Msalato, tumepita Mayamaya, tunakaribia Chemba nakanyaga klachi pedali inazama mpaka chini na hairudi. Kumbe masta ya chini, kile kisilinda cha mafuta ya breki kinachofanya klachi iachie, ilikuwa inavuja toka mwanzo, ndo ilikuwa inafanya gia zigome, na hakuna mtu aliyefunua kile kimpira chake akaangalia, kazi ya dakika moja. Tukawa tunapampu na kuongezea mafuta ya breki mpaka Kondoa, fundi wa pale akatufungia masta nyingine, lakini mama alifika Babati dua imeshasomwa watu wanakula. Ile pleti ya zamani nilikuwa nimeiomba wakanipa, niliporudi nikampelekea mzee mmoja fundi kule Chang'ombe, akaigeuza geuza akaniambia, "Kijana wangu, hii bado ina nyama, ungetembea nayo mwaka."

Toka siku hiyo kila mtu wa kwetu akisema klachi inasumbua namuuliza maswali kabla hajaenda popote. Ndo hayo nayaandika hapa. Ni kwa gari za manyuali tu, mwenye IST au Passo ya oto hana hii klachi ya kukanyaga, magonjwa yake ni mengine.

Kwanza elewa klachi ina sehemu mbili

Kuna ya nje na kuna ya ndani. Ya nje ni pedali, masta ya juu iliyokaa nyuma ya pedali upande wa injini, paipu, halafu masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi inayosukuma fok, yaani ule uma unaosukuma rilizi beringi. Gari nyingine za zamani na ndogo hazina masta, zina kebo tu. Ya ndani ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye krenki, yaani shafti ya injini, pleti yenyewe inayoisha kama brek pedi zinavyoisha, presha pleti inayoibana ile pleti kwenye flaiwili, rilizi beringi inayosukuma vidole vya presha, na kale kaberingi kadogo ka pailoti katikati ya flaiwili kanakoshika ncha ya shafti ya giaboksi, ingawa si kila gari inako.

Umuhimu wa kujua hii ni kwamba ya nje inatengenezwa giaboksi ikiwa pale pale ilipo, saa moja au mbili umemaliza. Ya ndani lazima giaboksi ishuke, na kwa fobaifo kuna propela shafti mbili na transfa za kushughulikia, ndo maana ufundi peke yake unakula sehemu kubwa ya bili. Tahadhari moja, gari kadhaa za kisasa masta ya chini imewekwa ndani, imezunguka shafti ya giaboksi pamoja na rilizi beringi, hiyo ikivuja utashusha tu hata kama pleti ni nzima. Muulize wakala mapema gari yako iko vipi.

Gia zinagoma au zinakwaruza

Hii ndo dalili inayopoteza hela za watu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu kidogo.

Anza hivi. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja mpaka ya mwisho na rivasi. Zikiingia laini huku injini imezimwa lakini ikiwaka zinagoma, basi giaboksi yako haina kosa, ni klachi haiachii, yaani ukikanyaga bado pleti inakokotwa na flaiwili. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, hapo angalia lingi (vile vyuma vya kuunganisha) au kebo za gia, bushi zake, au giaboksi yenyewe, klachi mpya haitasaidia chochote.

Tuseme umeona ni klachi haiachii. Sasa washa, pampu pedali haraka haraka mara tatu nne halafu ingiza rivasi. Ikiingia vizuri baada ya kupampu, na ukikanyaga mara moja tu inakwaruza, asilimia kubwa ugonjwa ni wa nje, kuna upepo kwenye mfumo au masta mojawapo inavuja. Pleti iliyoisha haijali umepampu au hujapampu. Hiki kipimo sisi hatukukifanya, na pale mapokezi hakuna aliyetuuliza.

Kuna kingine cha kutafuta masta ya juu inayodanganya. Simama sehemu tambarare, injini inawaka, weka namba moja, shikilia klachi chini mguu mwingine ukiwa kwenye breki, tulia kama dakika nzima, halafu legeza breki taratibu. Kama mwanzo gari ilikuwa imetulia na baada ya muda inaanza kujivuta mbele yenyewe, masta ya juu inapitisha mafuta kwa ndani, mpira wake umechoka. Hii ni mbaya kwa sababu haivujishi nje, mafuta ya breki kwenye kikopo chake hayapungui, mtu anafunua boneti anaona kila kitu kikavu anasema basi ni klachi pleti. Foleni za kipindi cha Bunge, ukiwa umesimama muda mrefu umekanyaga, ndo inajitokeza.

Kutafuta uvujaji wa wazi: juu, inama chini ya dashibodi na tochi, papasa pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani, ukikuta unyevu au kapeti imelowa kwa chini masta ya juu inavuja. Chini, ingia uvunguni, vuta pembeni kimpira cha vumbi cha masta ya chini. Pawe pakavu. Ukikuta majimaji, au kwa vumbi letu hili utakuta tope limeganda pale wakati gari nzima ina vumbi kavu, umeshapata jibu. Vumbi la Dodoma ndo linalomaliza hivi vimpira, likiingia linakwangua silinda na mpira wa ndani hauchukui muda.

Na angalia mafuta. Klachi inatumia mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, na gari nyingine inachota kikopo kimoja na breki kwa hiyo usichukulie poa yakiwa yanapungua. Yakiwa meusi kama kahawa yamezeeka yabadilishwe. Watu wanaomimina oili ya injini au haidroliki kwa sababu ndo iliyokuwepo wanajiua, ile oili inavimbisha mipira yote ya mfumo, itabidi ubadilishe kila chenye mpira, na kama kikopo ni kimoja umeharibu na breki. Ukimwagikiwa na mafuta ya breki kwenye rangi ya gari osha na maji hapo hapo, yanatoa rangi.

Kama ni upepo tu unatolewa, mtu mmoja kwenye pedali, mwingine chini kwenye nipo (kile kitundu cha kutolea upepo) na kipaipu kwenye chupa, ila upepo hauingii wenyewe, kuna sehemu umepitia. Ukitoa upepo leo na wiki ijayo umerudi ujue masta inataka kubadilishwa. Kwa gari ya kebo angalia kama imelegea au nyuzi zimeanza kukatika kwenye ncha, ikaze kwa kipimo cha kitabu cha gari, na kama nyuzi zimekatika usisafiri nayo hata Bahi tu.

Ukiona vya nje vyote ni vizima na bado haiachii, hapo ndo ndani: pleti imepinda, kidole cha presha kimevunjika, fok imechakaa inapoegemea, au pailoti beringi imekwama inaizungusha shafti hata ukikanyaga. Kuna na ile ya gari iliyopaki wiki nyingi wakati wa masika, au imevuka korongo maji yakafika juu, pleti inashika kutu inagandana na flaiwili. Hiyo siyo klachi iliyoisha, mweleze fundi kuwa gari ilikaa ili asikimbilie kukuuzia seti.

Injini inalia lakini gari haivuti

Hii ndo klachi yenyewe sasa, inateleza. Mshale wa mizunguko unapanda, spidi haipandi, na mara nyingi unaanza kuiona kwenye gia kubwa na mlima, siyo mjini. Mtu anazunguka Kisasa na Area D mwezi mzima haoni kitu, siku anabeba familia na magunia anaelekea Iringa, anapita Mtera vizuri kabisa, anafika milima ya Nyang'oro gari inanguruma tu na harufu ya kuungua inajaa ndani. Kwa hiyo ukisema mbona mjini iko sawa, mjini hujaipima.

Ipime nje ya mji barabara ikiwa nyeupe, spidi kama 50, weka gia ya nne au ya tano injini iwe inazunguka polepole, halafu kanyaga mafuta mpaka chini. Klachi nzima, gari itavuta kwa uzito na mshale utapanda pamoja na spidi. Iliyochoka, mshale unaruka ghafla na gari inabaki pale pale. Kuna kile kipimo cha kuvuta hendi breki, kuweka gia ya tatu na kuachia klachi, injini ikizima mara moja ni nzuri, ikiendelea kunguruma imeisha. Kinafanya kazi lakini usirudie rudie, kila ukirudia unaichoma, na asiwepo mtu mbele ya gari.

Kuteleza hakumaanishi pleti imeisha kila wakati, hapa nako watu wanakosea kwa upande mwingine. Pleti ikilowa oili inateleza hata ikiwa mpya. Oili inatoka kwenye oili sili ya nyuma ya krenki, au sili ya mbele ya giaboksi. Angalia chini pale injini inapokutana na giaboksi, kama kuna matone au pamelowa, na unuse, oili ya giaboksi ina harufu yake kali tofauti na ya injini. Ukifunga seti mpya bila kubadilisha sili umeiweka pleti mpya kwenye bafu la oili, baada ya muda mfupi unarudi na safari hii hakuna wa kumlaumu kama hukusema.

Chanzo kingine ni pedali isiyo na nafasi. Juu kabisa ya pedali lazima kuwe na mchezo kidogo wa bure kabla haijaanza kuwa nzito. Kama haina kabisa, mtu aliikaza kebo au fimbo ya masta kupita kiasi, klachi inakuwa imekanyagwa nusu muda wote, inateleza na kuungua yenyewe. Rudisha mchezo kwanza halafu upime tena. Ikiwahiwa kabla pleti haijaungua unaokoa seti nzima.

Halafu mguu. Dereva anayepumzisha mguu juu ya klachi, anayeishikilia gari kwenye kilima kwa klachi badala ya breki, au anayepakia mchanga tani nyingi na kuondoka na namba mbili, huyo anamaliza klachi kwa miezi. Gari ikiwa ya ofisi na madereva ni watatu, waulize wote kwa upole kabla hujalaumu spea.

Ikishateleza kwa kweli hakuna kuivumilia kwa safari. Inakwenda ikiisha, joto linaongezeka, flaiwili inapasuka nyufa ndogo ndogo, na rivet (misumari inayoshika uso wa pleti) zikifika zinaichimba. Kwa tambarare ya kwenda Bahi unaweza kufika, kile kipandio baada ya Kintinku kuitafuta Manyoni hutaki kukijaribu.

Gari inatetemeka ukiondoka

Unaachia klachi gari inarukaruka mpaka ikichanganya. Mtu wa kwanza wa kumshuku ni mauntingi, ile mipira inayobeba injini na giaboksi, zikikatika injini inacheza. Fungua boneti, mtu mwingine aondoe gari taratibu hatua moja na kufunga breki, injini ikiinuka sana mauntingi zimekufa. Angalia na krosi (viungio) za propela. Hivi vyote ni rahisi kuliko klachi. Vikiwa vizima ndo unarudi ndani, pleti ina oili kidogo au flaiwili ina madoa ya joto, yale ya rangi ya bluu.

Kelele

Hii ni fupi ila sikiliza vizuri. Injini inawaka, gia iko frii. Ukikanyaga klachi kelele inaanza, ukiachia inapotea, hiyo rilizi beringi. Kinyume chake, kelele ipo mguu ukiwa juu, ukikanyaga inanyamaza, hiyo ni beringi ya shafti ya giaboksi, siyo klachi, mwambie wakala kabisa maana giaboksi ikishuka ndo wakati wake. Ukikanyaga unasikia mlio wa bawaba kavu, mara nyingi ni fok inapoegemea, vumbi limekausha grisi. Na kama ni dizeli ya kisasa ukizima injini inagonga kakakaka, inaweza kuwa ile flaiwili ya vipande viwili imechoka. Hiyo ni ghali, na tofauti na flaiwili ya kawaida haipelekwi tu kwa fundi mashine ikasawazishwe, kwa kawaida inabadilishwa, kwa hiyo ujue bei yake kabla gari haijafunguliwa, siyo baada.

Pedali kuwa nzito kuliko zamani, kwa gari ya kebo ni kebo imeshika kutu, kwa ya masta mara nyingi ni vidole vya presha vimechoka kwa sababu pleti imeisha sana.

Ukienda kwa wakala

Usiseme badilisha klachi. Sema dalili: "Rivasi inakwaruza asubuhi, nikipampu inaingia." Au "gia ya tano inateleza nikikanyaga mafuta, mjini haina shida." Hakikisha wameandika hivyo hivyo kwenye jobu kadi, na uombe kiongozi wa mafundi atoke nayo barabarani wewe ukiwa umekaa pembeni umwoneshe. Wakikwambia hakuna haja, sisitiza kwa adabu, ni gari yako na ni safari yako.

Kuhusu muda, hapa ndo nilipokosea kabisa. Usipeleke siku mbili kabla. Spea za gari nyingi zinatoka Dar, ikikosekana sili moja unasubiri, na huwezi kujua sili gani inatakiwa mpaka giaboksi iwe chini. Mimi sasa hivi nasema wiki mbili kabla, peleka wakague, waagize kila kitu kwa chasisi namba, spea zikishafika mezani ndo gari ifunguliwe. Wakala akikwambia utaipata jioni ya kuamkia safari, ahirisha matengenezo au ahirisha safari, usichanganye.

Kwa sababu giaboksi ikiwa chini ufundi umeshaulipia, omba yote yafanyike kwa mara moja. Seti yote ya vitu vitatu, pleti, presha na beringi, siyo pleti peke yake. Pailoti beringi. Oili sili ya nyuma ya krenki hata kama ni kavu, gari ikiwa na kilomita nyingi. Sili ya mbele ya giaboksi. Flaiwili ikaguliwe, kama imechimbika ipelekwe mashine isawazishwe. Oili ya giaboksi mpya. Na masta ya chini, kama ni ya muda mrefu, iweke mpya, maana masta iliyokuwa inajikongoja inaweza kufa muda mfupi tu baada ya kufunga seti mpya. Nadhani hiki ndo kilichotukamata sisi pale karibu na Chemba, masta ilikuwa inavuja kidogo, baada ya kufungwa seti mpya ikaisha kabisa.

Omba uoneshwe vilivyotoka, na uondoke navyo. Pleti iliyoisha inajionesha, rivet zinakaribia kuwa sawa na uso wake au imeungua imekuwa nyeusi inang'aa. Kama ina nyama na ni kavu, uliza kwa nini imetolewa. Risiti ya EFD na karatasi ya dhamana chukua siku hiyo hiyo, bila hivyo ukirudi na tatizo unaanza maelezo upya. Kama gari yako haina wakala hapa, fundi mzuri wa mtaani anafanya kazi hii vizuri tu, maswali ni yale yale, ila spea mwambie mtakwenda wote dukani. Feki zipo nyingi na boksi linafanana kabisa.

Umeshakabidhiwa na bado kuna kitu

Kabla hujatoka getini, jaribu gia zote gari ikiwa ya moto, rivasi mara tano. Zikigoma, mara nyingi ni upepo haujatoka wote, au rilizi beringi haijakaa kwenye fok. Zikigoma vibaya toka mwanzo kabisa na mfumo hauna upepo, kuna uwezekano pleti imefungwa kinyume, ina upande wa flaiwili umeandikwa kabisa, au giaboksi iliachwa inaning'inia kwa shafti wakati wa kufunga ikaipinda pleti. Hiyo ni ya kurudisha chini, usikubali kuambiwa "itazoea". Kitu pekee kinachozoea ni kushika kwake, siku za mwanzo inaweza kushika juu au kutetemeka kidogo sana kwa sababu uso bado haujakaa.

Angalia taa ya rivasi inawaka, spidimita inafanya kazi, stata haina mlio mpya, na baada ya siku moja chungulia chini kama kuna matone. Hivi vyote vinachomolewa kushusha giaboksi na ndo vinavyosahaulika.

Halafu iendeshe kwa upole. Ushauri wa kawaida ni kilomita 500 hadi 800 za mjini mjini, kuondoka taratibu, bila trela, bila kukanyaga mafuta yote. Dodoma mpaka Babati ni kilomita 251, kwa hiyo kwenda na kurudi ndo umekaribia kuizoesha, na siyo kilomita za kubeba mzigo kupanda mlima. Ndo maana nasema wiki mbili, upate siku za kwenda nayo kazini Mtumba na kurudi kabla hujaipandisha Kolo.

Ikikufia njiani

Kama pedali imezama ghafla, kwanza toka barabarani. Angalia kikopo, kama kimekauka ongeza mafuta ya breki, pampu, ukipata klachi hata nusu nenda taratibu mpaka mji unaofuata. Kama klachi inachangia kikopo na breki, jaribu breki kwanza gari ikiwa imesimama, pedali ya breki ikiwa laini hapo hapo hakuna kwenda, tafuta wa kukuvuta.

Ikiwa klachi haipo kabisa lakini breki nzima, gari nyingi zinaweza kuondoka kwa stata. Zima, weka namba moja, piga stata, itaruka na kuwaka ikitembea. Baadhi zina swichi inayokataa kuwaka mpaka klachi ikanyagwe, ila pedali iliyozama bado inaibonyeza hiyo swichi. Ikishatembea, kupanda gia unaachia mafuta, unatoa frii, unasubiri injini ishuke kidogo, unasukuma kwa vidole viwili bila kulazimisha, itaingia yenyewe. Kusimama lazima uzime. Usifanye hivi mjini wala penye watu, na usifanye kwenye mlima, ukisimama katikati ya kipandio huwezi kuondoka tena na roli lipo nyuma yako. Ukitokea Dodoma na imekufia kabla ya Kondoa, ishia Kondoa mjini, mafundi wapo na spea za mtumba zinapatikana, mbele yake ni milima ya Kolo na Bereko.

Kwenye gari yetu sasa hivi chini ya siti kuna chupa ya mafuta ya breki isiyofunguliwa, kipaipu cha kutolea upepo, spana ya nipo na tochi.